Boksi Lililoandikwa CH

Mzee Kaza alifunga mizigo ya watu kwa miaka thelathini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona hata boksi moja likifunguliwa. Si kwamba alikatazwa. Kampuni ile ya kuhamisha watu ilikuwa imegawa kazi hivyo: wapo wa kufunga, wapo wa kupakia na kushusha, na kufungua ni shauri la mwenye vitu. Kaza alikuwa wa kufunga. Asubuhi anaingia nyumba ya watu, sahani ziko mezani, nguo ziko juu ya viti, mtoto analia. Jioni anatoka, nyumba imebaki kuta tupu na maboksi yamepangwa sebuleni kama matofali. Anapangusa mikono, anavaa koti lake, anakwenda zake. Yaliyotokea huko maboksi yalikofikia, yeye hayakumhusu.

Lakini picha yake alikuwa nayo kichwani. Aliamini kwamba huko kwenye nyumba mpya mama mwenye vitu hufungua boksi, akashika mdomo kwa mshangao, akamwita mumewe: "Hebu njoo uone huyu mtu alivyopanga!" Miaka thelathini na sita, na hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kulalamika. Kaza aliliona jambo hilo kuwa ni cheti. Halikumpitia wazo kwamba mtu aliyehama hana nafasi ya kwenda kulalamika, kwa kuwa bado anatafuta vijiko.

Hilo la Kaza halikuwa jina lake. Jina lake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, akivuta kamba na mwenzake upande wa pili, alikuwa anapiga kelele, "Kaza! Kaza, bado linapumua!" na watu wakamwita hivyo hivyo mpaka akazeeka nalo. Boksi linalopumua ni lile lenye nafasi ndani, na nafasi ndiyo iliyokuwa adui yake. "Hewa ya nini kubebwa?" alikuwa akiuliza. "Hewa iko hata huko wanakokwenda." Kwa hiyo kila kitu kiliingia ndani ya kitu kingine. Vijiko ndani ya birika, birika ndani ya sufuria, sufuria ndani ya ndoo, na upenyo uliobaki kati ya sufuria na ndoo unajazwa soksi. Kamba yake ilikuwa ya katani, na aliilowesha majini kwanza, maana kamba iliyolowa ikikauka husinyaa, na ikishasinyaa hailegei kwa mtu. Fundo alilifunga kwa namna yake, mkia wake anauficha chini usionekane. Mwisho kabisa, kwa kalamu nene, anaandika herufi mbili. JU ni boksi la kukaa juu. CH ni la kukaa chini, yaani zito, la kubeba wenzake. Herufi mbili basi. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa mchoyo wa wino. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba Kaza aliiacha shule mapema, na neno refu lilimtoa jasho kuliko kabati la milango mitatu. Zile herufi mbili, lakini, aliziandika vizuri mno. Ungedhani zimepigwa chapa.

Mkewe alikuwa opereta wa simu, enzi zile mtu akitaka kuongea na mji mwingine anamwomba opereta amuunganishe. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, nyaya mkononi, kikombe cha chai pembeni, na kila baada ya dakika tatu aliingia katikati ya maneno ya watu kwa sauti laini: "Dakika tatu zimekwisha. Unaendelea?" Ubao ulishaondolewa zamani, na jengo lenyewe sasa ni duka la magodoro, lakini sauti ile alirudi nayo nyumbani. Hakuwa mgomvi. Kaza akianza hotuba zake, yeye husubiri, kisha husema, "Dakika tatu zimekwisha," na hotuba inakwisha. Kikombe pia alirudi nacho. Kilikuwa cheupe, cha udongo, kina ua moja la buluu, na mkono wake ulivunjika siku nyingi, kwa hiyo alikishika kwa viganja viwili. Chai ya kikombe kingine aliinywa kwa adabu, ila hakuihesabu kuwa ni chai.

Basi, baada ya miaka thelathini na mmoja katika nyumba moja, mwenye nyumba akafa, na mwanawe akataka kubomoa ajenge maduka. Kijana mstaarabu, aliwapa miezi minne na akaomba radhi mara mbili. Kaza alipata nyumba nyingine ng'ambo ya mji, vyumba viwili, haina ngazi, karibu na zahanati. Ilikuwa nyumba ya kuwafaa wazee wawili. Mkewe alikwenda kuiangalia, akasimama mlangoni, akasema, "Ni nzuri," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaambia watu kwamba laini ina shughuli.

Tatizo lilikuwa dada yake. Dada mtu alikaa nyumba ya nne kutoka kwao, mtaa ule ule wa zamani, mjane, ana chumba kimekaa bure. Siku aliyosikia habari ya kuhama alikwenda kukitandika shuka.

"Shemeji," alimwambia Kaza, "wewe hama na maboksi yako. Mdogo wangu ana kwao hapa."

"Shemeji, usinivunjie nyumba."

"Nyumba inavunjwa na mwenye nyumba. Mimi naokoa mtu tu. Wewe nakujua, mtatafuta chumvi mwaka mzima."

Kaza alicheka, lakini hakulala vizuri. Alijua mkewe akisema kitu huwa kimesemwa. Miaka mingi nyuma waliwahi kukosana kwa ajili ya kabati aliloliuza bila kumuuliza, na yule mama alikwenda kwa dada yake "kupumzika kidogo". Alipumzika wiki saba. Kaza akala mikate mpaka muuza mikate akamuonea huruma.

Ndipo siku moja, wakinywa chai, mkewe akasema, "Baba, mimi sikatai kuhama. Ila nitakupimia. Siku hiyo ya kuhama, nikipata chai yangu, ndani ya kikombe changu, kabla jua halijazama, nitajua pale ni kwangu. Nisipopata, pale ni stoo yako, na mimi nitarudi kwa dada."

"Utarudi mpaka lini?"

"Mpaka umalize kufungua."

Kaza karibu acheke kwa sauti. Kumpimia yeye! Ni sawa na kumwambia samaki avuke mto ndipo apewe mke. "Mama," alisema, "saa kumi kamili utakuwa unapuliza chai. Andika."

"Sihitaji kuandika. Umesema."

Kazi ikaanza, na hapo ndipo Kaza alipofurahi kupita kiasi. Alikuwa amestaafu miaka sita, mikono inamuwasha. Alikusanya makatoni ya sabuni, yote ya ukubwa mmoja, akaanza kufunga wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Wiki ya kwanza zikaondoka sahani, wakawa wanakula kwenye vifuniko vya sufuria. Wiki ya pili zikaondoka taa za mezani na pazia. Siku moja mkewe alinyanyuka kwenye kiti kwenda kuchukua chumvi, aliporudi kiti kimeshafungwa miguu na kamba, na chumvi ilipowekwa tu mezani nayo ikaingia ndani ya kiatu cha mvua, na kiatu ndani ya ndoo.

"Hiyo chumvi nilikuwa naitumia," alisema mkewe.

"Utaikuta huko."

Kitu kimoja tu mkewe alikataa kabisa kukitoa mikononi. "Boksi la chai nafunga mwenyewe," alisema. "Na usiliguse."

Kaza akakubali, kwa kuwa ni boksi moja kati ya sitini na nne, na mtu mkubwa hagombanii boksi moja. Mama yule akachukua katoni, akaweka sufuria yake ndogo ya chai ya mtu mmoja, majani ya chai, sukari kidogo kwenye kopo, kichujio, na katikati kikombe, kimezungushiwa fulana mbili za zamani, kimelala kama mtoto mchanga. Nafasi iliyobaki ungeweza kufuga paka.

"Niandike nini juu?" aliuliza.

Kaza, akiwa na pini za kitanda mdomoni, alijibu, "Herufi mbili. Za mwanzo." Hakusema za mwanzo wa nini. Kwa miaka thelathini na sita hakuna aliyemuuliza. Wenzake wote walijua.

Mkewe akaandika, akaenda kuaga majirani.

Alipotoka, Kaza akabaki na lile boksi. Alilitazama, akageuka, akalitazama tena. Akalitikisa kidogo, polepole, sikio karibu. Lilikuwa linapumua! Si kupumua tu, lilikuwa linakohoa. Aliahidi kutoligusa, na ahadi ni ahadi. Lakini pia kuna mambo mtu wa kazi hawezi kuyaacha yapite. Alijiambia kwamba hagusi boksi, anagusa hewa. Akalifungua. Akazitoa zile fulana, akazifungia kioo kilichokuwa na shida zaidi. Kisha, majaribio tu, akakitia kikombe ndani ya ile sufuria ndogo. Kile kikombe kisicho na mkono kikashuka, kikashuka, kikakaa tk, kana kwamba kilizaliwa humo. Kaza alicheka peke yake chumbani. Ndani ya kikombe akamimina misumari, iliyokuwa imekosa mahali. Pembeni akapanga pasi ya chuma, nyundo, na mawe mawili ya kunolea visu. Akapiga kamba iliyolowa, fundo, mkia chini. Akalitikisa: kimya. Boksi lilikuwa limekufa kabisa.

Juu yake aliona mkewe ameandika CH, ameiga mwandiko wake barabara. Akatikisa kichwa kwa mapenzi. Huyu mama kumbe alikuwa anamsikiliza siku zote! Na kwa uzito ule, CH ndiyo hasa.

Siku ya kuhama lori lilifika saa mbili asubuhi, dereva na wapagazi wawili, mmoja mrefu na mmoja mnene. Hawa walikuwa wa kampuni ile ile ya zamani, walimkuta Kaza wakiwa wapya, na walimwogopa bado.

"Shikamoo mzee Kaza. Leo unahama mwenyewe?"

"Marahaba. Leo mtajifunza. CH chini, JU juu, na sitaki kusikia neno."

Mrefu alilinyanyua boksi moja la CH, akalishusha tena. "Mzee, humu mmeweka kaburi?"

"Humu hakuna hewa. Nenda."

Saa saba walikuwa nyumba mpya. Mkewe alikwenda mbele na dereva, amevaa viatu vyake vya kutokea, mkoba umefungwa zipu. Kaza alisimama mlangoni akielekeza. Kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, aliamuru vyote vishushwe uani kwanza. "CH zote ndani! Ukutani kabisa! Halafu JU juu yake!" Zikaingia CH tisa, zikapangwa chini kwenye ukuta wa nyuma, kisha safu ya pili, ya tatu, mpaka darini. Lilipoingia la mwisho, Kaza alirudi nyuma hatua mbili akatazama. Usingepitisha karatasi. Kulikuwa na ukuta ndani ya ukuta. Wapagazi wakanywa maji ya bombani, wakaaga, lori likaondoka likipiga honi.

Mkewe alikaa kwenye kiti pekee kilichofunguliwa kamba, pale barazani, mkoba mapajani. Hakuvua viatu.

"Saa kumi kasoro robo," alisema.

"Mapema," alisema Kaza. Akaingia ndani akikunja mikono ya shati. Akatoka tena. "Mama, lile boksi lako. Uliliandika nini vile?"

"Ulichoniambia. CH."

Kaza alisimama na mkono mmoja umekunjwa na mwingine haujakunjwa. "CH?"

"CH. Chai."

"CH ni chini!"

"Chai inaanza na nini?"

Herufi mbili alizoziandika maisha yake yote, kumbe zina maneno mengine nyuma yake; chai, chumvi, chupa, chumba, hata choo. Alirudi ndani, akautazama ukuta wake. Boksi la chai lilikuwa chini kabisa, nyuma kabisa, limebebeshwa nyumba nzima, na ni yeye mwenyewe aliyepiga kelele liwekwe pale.

Akaanza kushusha. Wapagazi wawili walipandisha kwa saa moja. Mzee mmoja wa miaka sitini na tisa alishusha kwa saa moja na nusu, akipumzika kila boksi la tatu. Mkewe alikuja kumsaidia kushika upande mmoja, viatu vile vile miguuni. Simu ikalia ndani ya mkoba. Ni dada mtu.

"Bado," alimjibu mkewe. "Jua lipo. Nitakupigia."

Mara hodi ikabishwa. Aliingia mama mmoja mwenye miwani, jirani wa mlango wa pili, mwalimu aliyestaafu, kabeba sinia lenye vikombe viwili vya chai. "Poleni na kuhama. Nikasema jiko lenu litakuwa halijaonekana."

"Asante sana, Mwalimu," alisema mke wa Kaza, akipokea sinia kwa mikono miwili na kuliweka chini kwa heshima. "Hii nitainywa, wala usidhani naringa. Ila kuna moja yangu naingoja, mpaka jua lizame."

Mwalimu hakuelewa, lakini alikuwa haangalii tena chai. Alikuwa ameinama juu ya boksi moja, anapapasa kamba. Akasukuma miwani.

"Fundo hili nalijua," alisema taratibu.

Kaza akajinyoosha mgongo. Hatimaye! Miaka thelathini na sita aliingoja siku hii. "Ni la kwangu, Mwalimu."

"Ulikuwa kampuni ya kuhamisha? Miaka kumi na moja iliyopita? Mnaitana Kaza, Kaza?"

"Ndiye mimi."

Mwalimu alimtazama kwa muda, kama anavyotazamwa mwanafunzi wa zamani ambaye mtu bado hajaamua kama atamsamehe. "Bwana, boksi lako moja ninalo bado. Halijafunguka."

"Halijafunguka vipi?"

"Nilikata kamba ya kwanza kwa kisu. Ndani mna boksi, lina kamba. Nikaikata. Ndani mna ndoo, kifuniko kimefungwa kamba. Nikasema, mimi nimefundisha darasa la watoto sabini, lakini hapa basi. Nikatandika kitambaa, nikaweka redio juu. Ni meza nzuri. Sijui mna nini. Nadhani mna mkasi."

Mke wa Kaza aligeuza uso ukutani, mabega yakawa yanatikisika.

Kaza hakucheka. Alikaa juu ya boksi. Ile picha ya mama anayeshika mdomo kwa mshangao na kumwita mumewe ilikuwa bado ipo, mama yule yule, mdomo ule ule. Sasa tu ndipo aliposikia maneno anayomwambia mumewe. Akafikiria nyumba zote zile. Akafikiria redio ngapi zimekaa juu ya kamba zake.

"Dakika tatu zimekwisha, baba," alisema mkewe, lakini kwa upole. "Jua linakwenda."

CH tisa sasa zilikuwa wazi mbele yao, zinafanana kama mapacha. Kaza alizinyanyua moja moja kutafuta nyepesi. Mkewe aliona. "Langu ni jepesi, utalijua," alisema, na Kaza akajibu "Mm," akiangalia pembeni. Zote zilikuwa nzito. Akajaribu fundo la kwanza kwa kucha, kamba imekauka kama chuma. Akajaribu kwa meno, yale aliyobakiwa nayo.

"Ngoja nilete kisu," alisema Mwalimu.

"Kamba haikatwi," alisema Kaza, kwa mazoea.

Wanawake wawili walimtazama. Nje, kivuli cha ukuta wa ghala la jirani kilikuwa kimefika kwenye mguu wa kiti barazani.

"Lete," akasema.

Alikata ya kwanza mwenyewe, amegeuza uso kando, kama anakata mkia wa ng'ombe aliye hai. Ndani mlikuwa na pini za kitanda ndani ya birika. La pili lilikuwa na magazeti ya miaka ya nyuma, na katikati ya magazeti chupa ya mafuta ya taa, na kwenye mdomo wa chupa soksi, na ndani ya soksi funguo za nyumba waliyohama. La tatu likatoa ndoo, ndoo ikatoa kiatu cha mvua, kiatu kikatoa chumvi.

"Nilisema tutaikuta," alisema Kaza, lakini hakukuwa na nguvu katika maneno hayo.

La nne, la tano, visu vyote vya nyumba vimelazwa ndani ya mwavuli. Kufungua la sita, jasho linamdondoka puani, akaona kopo la sukari. Akalifunika haraka kwa mikono miwili.

"Ndilo?" aliuliza mkewe.

"Ndilo. Mama, kwanza nisikilize..."

Mkewe alikwisha piga magoti. Akaiondoa mikono ya mumewe, mmoja, halafu wa pili. Akatoa jiwe la kunolea. Akatoa nyundo. Akatoa pasi. Akatoa sufuria yake ndogo, akaitazama ndani. Kikombe kilikuwa humo, ua la buluu halionekani, kimejaa misumari mpaka mdomoni. Akapindua, misumari ikamwagika sakafuni kwa kelele. Kikombe hakikutoka. Akakivuta. Akakizungusha. Kilikuwa kimeshika.

Mwalimu akajifanya anasoma magazeti ya zamani.

"Ulifungua boksi langu," alisema mkewe.

"Lilikuwa na hewa, mama."

"Ilikuwa hewa yangu."

Kaza alikuwa na hotuba ya mambo haya. Aliwahi kuwatolea wapagazi wapya mara mia. Aliitafuta, hakuiona. Alimwona tu mkewe amepiga magoti na viatu vya kutokea, na mkoba begani, sufuria mikononi kwa viganja viwili kama anavyoshika kikombe. Wiki tatu yule mama alikula kwenye kifuniko bila neno. Nyumba nzima alimwachia afunge, chumvi, kiti, taa. Aliomba boksi moja libaki na nafasi.

"Nimekosea," alisema. Neno lenyewe lilitoka kwa shida, halikuwa na mkia wa kuvutia. "Si mwandiko. Hili la kulifungua. Nilikuahidi, nikalifungua."

Mkewe alinyanyuka, akaenda mlangoni, akatazama nje. Kaza akadhani anatazama njia. Kumbe anatazama ukuta wa ghala.

"Mwalimu," alisema, "hapa kwenu jua likiingia nyuma ya ghala ndiyo limezama?"

Mwalimu alimtazama yeye, akamtazama Kaza aliyekaa katikati ya misumari. Mtu aliyesahihisha mitihani miaka thelathini anajua kuongeza alama moja pasipo mtu kuona. "Aa, hilo ni ghala tu. Kwenye ngazi yangu huwa naliona bado robo saa nzima."

"Basi nipe beseni na maji ya moto. Na jiko lako niazime. Nilisema kikombe changu, sikusema jiko."

Kule kwa Mwalimu, jikoni, yule mama aliingiza ile sufuria ndani ya beseni la maji ya moto, na ndani ya kikombe akatia maji baridi ya bombani. "Kazini vikombe vilikuwa vinapandana na kushikana hivi kila siku," alimweleza Mwalimu, "wasichana wa zamu ya mchana hawakuwa na subira." Sufuria ikapata joto ikajitanua, kikombe kikapoa kikajikunyata. Kaza, aliyesimama mlangoni na kopo la sukari, akasikia sauti ndogo, tk, ile ile aliyoisikia siku ya kufunga, sasa ikirudi nyuma. Mkewe akakitoa kikombe kwa vidole viwili. Hakikuwa na ufa hata mmoja.

"Unaona," alianza Kaza, "kukazwa vizuri ndiko kumekifanya kisi..." Akakutana na macho ya mkewe. Akamnyooshea kopo la sukari.

Chai ikachemka katika sufuria yake. Wakatoka nayo kwenye ngazi ya Mwalimu, ambako kwa kweli jua lilikuwepo, limebaki kipande chembamba chekundu pembeni ya ghala. Mke wa Kaza akanywa, viganja viwili. Wote wawili walimtazama koo.

"Ina ladha ya misumari," alisema.

"Lakini ni chai," alisema Kaza.

Akanywa tena. Simu ikalia mkobani. Akaitoa. "Dada. Ndiyo, nipo. Naam, nimekunywa. Hapana, usije leo. Njoo kesho asubuhi, na uje na kisu. Tuna maboksi hamsini na nane, na moja la Mwalimu." Akasikiliza. "Ndiyo, ulisema. Chumvi tumeiona. Ilikuwa kwenye kiatu." Akaiondoa simu sikioni, maana dada mtu alikuwa anacheka mpaka Mwalimu anamsikia.

Walirudi kwao. Mkewe alikaa kwenye kile kiti, akaweka kikombe dirishani ambapo hapakuwa na kitu kingine chochote pembeni yake, akaweka mkoba chini. Kisha akainama, akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akavipanga ukutani, akanyoosha vidole vya miguu kwenye sakafu mpya.

"Baba."

"Naam."

"Ndala zangu ziko wapi?"

Kaza aliyatazama maboksi, hamsini na nane, yote JU isipokuwa matatu, yamesimama chumba kizima hayatoi pumzi. Hakukumbuka hata kidogo. Zinaweza kuwa ndani ya beseni la kufulia, ndani ya mto, ndani ya saa ya ukutani. Moyo wake ulikuwa mwepesi kama boksi lililofungwa vibaya kabisa. Akachukua kisu cha Mwalimu.

"Unaendelea?" aliuliza mkewe.

"Naendelea," alisema, akakata kamba.